Usimwambie Mrukaji "Simama"

Kitenzi "simama" kina maana mbili ambazo mtoto wa darasa la kwanza anazijua bila ya kufundishwa. Mwalimu akiingia darasani wanafunzi husimama, yaani huinuka vitini. Gari likifika kituoni nalo husimama, yaani huacha kwenda. Katika maisha ya kila siku muktadha hutuondolea utata huo hata tusiutambue. Lakini hebu tujaalie, msomaji mpendwa, kwamba umo ndani ya ndege ndogo, futi 10,000 juu ya ufuo wa Diani. Mlango u wazi, upepo unavuma kwa kishindo, injini inanguruma, na kijana mmoja mwenye mwavuli mgongoni anajongea kuelekea mlangoni kabla ya zamu yake. Msimamizi anapaza sauti: "Simama!" Je, amemwamrisha abaki pale pale alipo, au amemwamrisha ainuke? Akiinuka, huenda akajigonga darini, mkoba wa mwavuli ukakwama penye komeo, na kitambaa kikachomoka na kunyakuliwa na upepo. Mwavuli ukifumuka mlangoni humburura mwenyewe nje, na wakati mwingine huuzonga mkia wa ndege. Hapo waliomo humo wote huwa hatarini, na wa kwanza wao ni rubani.

Ni huyo rubani ninayetaka kumzungumzia leo. Watu wengi, wakisikia habari za kuruka kwa mwavuli, fikira zao humwendea mrukaji: ujasiri wake, kicheko chake, picha aliyopigwa akielea hewani. Huko Diani, katika Kaunti ya Kwale, Skydive Diani imeufanya mchezo huu ujulikane kwa watalii na kwa Wakenya wenyewe, na picha hizo tumeziona magazetini. Aliyewapandisha juu hatumwoni. Mwenzangu mmoja katika chuo tunachofundisha alinichekesha aliponiambia kuwa kazi ya rubani huyo si tofauti na ya dereva wa matatu: anapakia, anapeleka, anashusha, anarudi kupakia tena. Mfano huo una ukweli kiasi. Ila matatu haibadiliki umbo wala tabia abiria wanapoelekea mlangoni. Ndege hubadilika.

Fizikia tuliyosoma shuleni inatosha kulieleza jambo hili. Kila ndege ina kitovu cha uzito, na kitovu hicho sharti kiwe ndani ya mipaka aliyoiweka mtengenezaji. Katika safari ya kawaida abiria hukaa vitini wakiwa wamefunga mikanda, na kitovu hubaki kilipo. Katika ndege ya warukaji, watu wanane au kumi huinuka karibu kwa pamoja na kusongamana nyuma, penye mlango. Mkia hulemewa, pua huelekea juu. Na hayo hutokea wakati ule ule ambapo rubani amekwisha kupunguza mwendo, kwa sababu upepo wa kasi ukizidi mrukaji hawezi kutoka salama. Ndege inayokwenda polepole huku imelemewa nyuma iko karibu sana na hali ambayo mabawa hushindwa kuibeba. Mabawa yakishindwa, ndege huanguka kwa kuzunguka kama jani.

Si nadharia tupu. Tarehe 14 Julai 2019, karibu na mji wa Umeå kaskazini mwa Uswidi, ndege aina ya GippsAero GA8 Airvan iliyokuwa na warukaji wanane na rubani wao ilishindwa kuhimili, ikavunjika ikiwa ingali angani, na wote tisa wakafariki. Wachunguzi walieleza kuwa warukaji walipojiandaa kutoka, uzito ulihamia nyuma, nayo ndege ilikuwa na mwendo mdogo na mazingira ya mawingu yalikuwa magumu. Kwa hiyo rubani mwangalifu huanza kazi yake chini, penye mizani na karatasi. Huuliza uzito wa kila mtu pamoja na mwavuli wake, huamua nani akae wapi, na huwaambia kabla ya kuwasha injini ni watu wangapi wanaoruhusiwa kuwa nyuma kwa wakati mmoja. Jambo hili la mwisho halisomeki katika saa yoyote iliyo mbele yake. Ndege haina kipimo cha kumwonyesha kwamba mtu wa tano ameinuka ilhali walioruhusiwa ni wanne. Analo neno tu, alilolisema chini na kukubaliwa.

Naomba tulikazie macho suala hili la neno, maana ndilo lililonifanya mimi, mtu wa isimu asiyejua kurusha hata tiara, nijitose katika mada isiyo yangu. Rubani wa warukaji hawaoni watu wake. Wako nyuma yake na yeye anatazama mbele. Anachokijua kuhusu mlango hukipata kwa njia tatu: kwa jinsi ndege inavyotikisika mikononi mwake, kwa ishara ya mkono au taa, na kwa neno la msimamizi. Tarehe 20 Septemba 2025, huko Tully katika jimbo la Queensland, Australia, mrukaji mmoja alikuwa akitoka katika ndege aina ya Cessna Caravan, na kishikio cha mwavuli wake wa akiba kikanasa kwenye kibawa kidogo kilicho nyuma ya bawa kuu. Mwavuli ulifumuka, ukauzonga mkia, naye akabaki akining'inia nyuma ya ndege, zaidi ya kilomita nne juu ya ardhi. Rubani alihisi pua ikipanda ghafla na mwendo ukipotea. Kwa fikira zake ndege ilikuwa imeishiwa na mwendo, hivyo akaisukuma pua chini na kuongeza nguvu za injini, kama alivyofunzwa. Tiba hiyo ni sahihi kwa ugonjwa huo, lakini ugonjwa ulikuwa mwingine. Alipoambiwa kuwa kuna mtu amenasa mkiani, alipunguza nguvu. Mrukaji alikuwa na kisu kidogo chenye umbo la ndoana. Alikata kamba moja baada ya nyingine, akaachana na ndege, akafungua mwavuli wake mkuu na kufika chini na majeraha madogo. Rubani naye aliyekuwa na mwavuli wake wa dharura, tayari kuiacha ndege ikibidi, aliitua salama mkia ukiwa umeharibika.

Wengi waliosimulia kisa hicho walikisifu kile kisu, nacho kinastahili sifa. Mimi nilisimama kwa muda mrefu penye ile sentensi fupi iliyotoka mlangoni kwenda mbele. Kabla ya kuambiwa, rubani alikuwa akipambana na adui asiyekuwapo.

Historia ya usafiri wa anga ina funzo kubwa zaidi la aina hii. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana uwanjani katika ukungu na watu 583 wakafa. Chanzo hakikuwa kimoja, lakini kimojawapo kilikuwa maneno. Ujumbe uliotoka katika ndege ya KLM kuhusu kupaa ungeweza kufasiriwa kwamba ndege iko mahali pa kuanzia, ikingoja, au kwamba imekwisha kuanza kwenda. Mwongozaji akaufahamu kwa maana ya kwanza. Rubani alikuwa katika maana ya pili. Baada ya msiba huo ikaamuliwa kwamba neno la Kiingereza la kupaa lisitamkwe redioni ila ruhusa ya kupaa inapotolewa au kufutwa. Kwingine kote litumike neno la kuondoka. Yaani neno lilinyang'anywa maana zake nyingine zote likabakishiwa moja. Sisi walimu wa fasihi hufurahi neno moja likibeba maana tatu, na huwatoza wanafunzi alama wasipoziona. Rubani ana ladha tofauti kabisa.

Na Kiswahili chetu? "Simama" nimekwisha kuitaja. "Ruka" ni mbaya zaidi, kwani ndege huruka na mtu huruka. Msimamizi akimwambia rubani "turuke sasa" hatujui kama anataka kuondoka uwanjani au kutoka mlangoni. "Shuka" ni vivyo hivyo: kwa rubani ni kuteremsha ndege, kwa abiria wa matatu ni kutoka garini. "Tayari" huweza kuwa swali, jibu, au habari kwamba jambo limekwisha kufanyika. Ukisikia "Tayari!" kutoka mlangoni, je, mtu yu tayari kutoka au tayari ametoka? Tofauti ya maana hizo mbili ni binadamu mmoja, na rubani akidhani wote wametoka huinamisha bawa na kuanza kuteremka.

Mteremko wenyewe si wa kubahatisha. Mrukaji asiyefungua mwavuli huanguka kwa takriban kilomita 200 kwa saa, hivyo futi 5,000 za kwanza humalizika katika kama nusu dakika, kisha hufungua mwavuli na kuelea. Ndege iliyokwisha kupungua uzito huteremka haraka, na rubani asipojihadhari atapita katika anga lile lile wanamoelea watu aliowapandisha. Ndiyo maana huteremka upande mwingine, mbali na mahali walipotokea, akiwahesabu kwa macho. Kabla ya hapo alikuwa amewatangazia redioni marubani wengine kwamba watu wanakaribia kutoka. Huko Ukunda ndege za abiria huingia na kutoka, na uwanja wa Moi wa Mombasa uko karibu. Anga hilo si lake peke yake. Aidha, huelekeza ndege dhidi ya upepo, na pale upepo wa juu unapokuwa mkali, makundi hulazimika kungojana sekunde nyingi zaidi mlangoni, maana ndege inasonga polepole ukilinganisha na ardhi na watu wangelundikana mahali pamoja. Wanafunzi wengi niliowaeleza hili walidhani kinyume chake.

Wanafunzi hao niliwakuta Lugulu, nilipoalikwa na shule moja ya huko kuzungumza juu ya lugha na ajira. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliinua mkono na kuniuliza, kwa adabu lakini bila ya woga: "Mwalimu, mimi nataka kuwa rubani. Isimu itanisaidia nini?" Wenzake walicheka. Nilimwuliza naye swali: kama angekuwa rubani wa warukaji hapa kwao, akaambiwa awapandishe hadi futi 10,000, angepanda hadi wapi? Akajibu, bila shaka hadi futi 10,000. Juu ya nini?

Jina la mahali hapo lenyewe lilinisaidia. Mzizi wa "gulu" umeenea katika lugha nyingi za Kibantu kwa maana za mlima, juu au mbingu: Waganda huiita mbingu "eggulu", na Waluguru wa Morogoro wamepewa jina na milima yao. Juu, basi, lakini juu ya kitu gani? Kwa mkazi wa Diani swali hili ni la kipuuzi, kwani ardhi yake na bahari ziko karibu sawa. Ukipanda barabara itokayo Webuye kupita Lugulu kuelekea Kitale, ardhi yenyewe imekwisha kupanda. Uwanja wa ndege wa Kitale uko takriban futi 6,000 juu ya usawa wa bahari. Rubani aliyezoea Pwani, ambaye kipimo chake cha mwinuko kinahesabu kutoka baharini, akifika kwenye 10,000 juu ya Kitale atakuwa ametimiza agizo. Mrukaji aliyekirudisha kipimo chake cha mkononi kwenye sifuri akiwa chini uwanjani atasoma 4,000. Wanaoruka wawili wawili, mgeni akiwa amefungwa kifuani kwa mwalimu wake, kwa kawaida hufungua mwavuli kwenye takriban futi 5,000 juu ya ardhi. Maana yake ni kwamba mlango ungefunguliwa wakiwa tayari chini ya kimo cha kufungulia mwavuli. Kila mmoja alisema "elfu kumi" na kila mmoja alisema kweli.

Na je, ikiwa agizo lilimaanisha 10,000 juu ya ardhi? Basi rubani anaelekea futi 16,000 juu ya bahari, ambako hewa ni nyembamba na oksijeni ya chupa ni ya lazima. Akili ya rubani huanza kulegea kabla ya yeye mwenyewe kutambua. Injini ya kawaida isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa hupoteza kama humusi ya nguvu zake pale pale Kitale kabla haijaondoka, na jua la adhuhuri huongeza hasara hiyo, kwa hiyo ndege inayotosha kwa watu sita huko Ukunda huenda isiwatoshe Kitale. Sijasikia kwamba mchezo huu umeanzishwa Kitale wala katika kiwanja cha Matulo kule Webuye, na sipigi debe uanzishwe. Ila yule msichana alikaa kimya, kisha akasema kwamba ataandika "juu ya ardhi" kila mara. Nilimpa alama zote.

Nafahamu hoja itakayotolewa dhidi yangu. Lugha ya anga ni Kiingereza, na Kiswahili kinatafuta nini huko? Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeweka mizani ya ngazi sita za umilisi, na tangu Machi 2008 rubani wa safari za kimataifa anatakiwa awe angalau katika ngazi ya nne. Sina ugomvi na kanuni hiyo. Ni miongoni mwa kanuni za lugha zenye busara nilizopata kuzisoma, kwani haimdai Mkenya azungumze kama Mwingereza, inamdai aeleweke. Redioni Kiingereza kibaki. Lakini ninazungumzia mita tatu zilizo baina ya kiti cha rubani na mlango. Huko ndani kuna Mkenya anayefundisha, Mkenya anayefundishwa, na pengine rubani Mkenya. Mtu aliyeshikwa na hofu hurejea katika lugha anayoiwazia. Hakuna kanuni itakayomzuia kupaza sauti kwa Kiswahili, na siku atakapofanya hivyo atatamka neno la kwanza linalomjia: "Simama!"

Ni afadhali basi maneno hayo yachaguliwe mapema. Hapa wanaisimu tuna cha kuchangia, mradi tusijifungie maofisini na kuwaundia watu istilahi za kupamba kamusi. Kelele za injini na upepo hufunika konsonanti kwanza, kwa kuwa sauti kama /s/ na /t/ ni dhaifu. Irabu hudumu zaidi. Sasa tazama amri tatu ambazo mtu angezipendekeza haraka: "toka", "ngoja", "songa". Zote zina silabi mbili, zote zina mkazo kwenye ya kwanza, na zote zina irabu /o/ kisha /a/. Katika kelele ni neno moja. Tukimwachia rubani "toka" kuwa ndiyo amri ya pekee ya kutoka, basi ya kumzuia mtu iwe "bado", ambayo irabu zake zimegeuzwa. "Inuka" ina silabi tatu na haina maana ya kuacha kwenda. "Keti" na "rudi" hazifanani na nyingine yoyote. Na "ruka" isitamkwe kabisa ndani ya ndege. Hayo ni mapendekezo ya mtu wa mezani. Wenye kazi yao wakiyajaribu angani na kuyakataa, waliosema kweli watakuwa wao.

Tarakimu nazo zinanitia wasiwasi. "Sita" na "tisa" ni konsonanti zile zile zilizobadilishana nafasi, irabu zile zile. Kiingereza kilikuwa na tatizo kama hilo baina ya tano na tisa yake, kikalitatua: tisa huongezewa silabi redioni, na hakuna rubani anayeona haya kuitamka hivyo. Sisi tumezoea kudhani kwamba kulitamka neno tofauti na kamusi ni uharibifu wa lugha. Halafu kuna saa. Ndege inayoondoka saa tatu asubuhi kwa Mswahili inaondoka saa tisa kwa Kiingereza, na katika kitabu cha rubani, kinachofuata saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, huandikwa saa sita. Tatu, tisa na sita: dakika moja ile ile.

Mwalimu wa Kiswahili anayesoma makala haya anaweza kulipima jambo hili kwa gharama ya karatasi tu. Awapeleke wanafunzi karibu na kinu cha kusagia mahindi kilichowashwa, kile kilicho katika karibu kila soko kati ya Webuye na Kitale. Mmoja asimame upande wa pili wa injini na kusoma kwa sauti amri kumi na tarakimu kumi, bila ya kupangwa. Wengine wawape mgongo, waandike wanachosikia. Kisha warudi darasani wahesabu ni "ngoja" ngapi zilizogeuka "toka", na ni "sita" ngapi zilizoandikwa "tisa". Nitashukuru sana nikitumiwa matokeo.